Nashona sare za watoto ambao bado wananyonya

Ndugu mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mi nalisoma hili gazeti siku nyingi, mume wangu akirudi nalo jioni tunagombania, ila kuandika ndo mara ya kwanza na naandika kwenye simu usiku watoto wamelala, kwahiyo nikirukaruka mnivumilie.

Kilichonisukuma ni barua ya msomaji mmoja mliyoitoa wiki mbili zilizopita, yule aliyesema mzazi anayekaa na mtoto nyumbani mpaka miaka 6 bila kumpeleka chekechea ni mvivu na anamwibia mtoto maisha yake. Niliisoma mara tatu halafu nikampa mume wangu, naye akaisoma akakaa kimya. Sisi ndo hao wazazi anaowasema. Sijaja kugombana nae, naamini anawapenda watoto kama mimi ninavyowapenda, ila ameandika kuhusu kitu ambacho hajakiona na mi nakiona kila siku.

Kazi yangu ni fundi cherehani, niko Kigamboni, na kuanzia Novemba mpaka mwishoni mwa Januari kazi inayoniingizia hela ni sare za shule. Nilipoanza kushona miaka 12 iliyopita sare ndogo kuliko zote niliyokuwa naletewa ilikuwa ya mtoto wa miaka 6 anayeingia la kwanza, mara chache sana wa 5. Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili alikuja mama mmoja kupimisha mtoto wake, nikaomba amsimamishe, mtoto hataki kushuka, analia, mama akampa titi, na mi nikampima kiuno hivyohivyo yuko mapajani ananyonya. Inchi 18 na nusu. Miaka miwili na nusu. Sketi ya marinda, shati la mikono mifupi na tai ya lastiki. Nilishona kwa sababu ni kazi, na yule mama hana ubaya wowote, anatoka nyumbani alfajiri kuwahi pantoni aende kazini ng'ambo na hana wa kumwachia, lakini usiku ule sikulala vizuri na tangu siku hiyo nataka kulisema hili jambo mahali.

Maana na sisi tulianzia hukohuko. Mtoto wetu wa kwanza tulimpeleka akiwa na miaka mitatu na nusu, shule ya ingilishi midiamu, ada tuliikopa kwenye kikoba. Kabla ya kumchukua walimfanyia intavyuu, yaani mtoto wa umri huo anaulizwa jina kwa Kiingereza na anapewa penseli aandike a mpaka e, na wazazi tumekaa kwenye benchi nje mikono inatoka jasho. Alipopita tulifurahi sana, tukampigia simu kila mtu. Gari la shule lilikuwa linapita kwetu saa 11 na robo alfajiri kwa sababu sisi tulikuwa wa kwanza kwenye ruti, kwahiyo namwamsha saa 10 na nusu, namwogesha amelala, namvalisha amelala, na baba yake anambeba mpaka barabarani amelala. Kurudi ni saa 9 alasiri. Anakula huku anasinzia halafu kuna homuweki, kurasa mbili za kufuatisha vinukta, na akilala bila kumaliza kesho yake mwalimu anaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu kwamba mzazi hatoi ushirikiano.

Muhula wa kwanza wote nilijiambia atazoea. Muhula wa pili akaanza kukojoa kitandani na alikuwa ameshaacha kabisa, halafu akaacha kuuliza maswali. Hili la pili ndo lilitushtua zaidi ingawa lilichukua muda kulijua maana kitu kisichokuwepo hukioni haraka. Huyu alikuwa mtoto wa kuuliza kuku meno yake yako wapi, mwezi mchana unalala kwa nani, kwa nini babu ana mvi na bibi hana. Akawa hasemi, anajibu tu. Siku moja nilimwonyesha kinyonga kwenye mpapai wetu, kitu ambacho zamani angekaa nacho hata saa nzima, akakitazama kidogo, akataja rangi yake kwa Kiingereza, halafu akaniangalia usoni kuona kama amepatia.

Tulimtoa mwezi wa nane. Ada haikurudi na deni tulilipa mpaka mwaka uliofuata.

Wiki mbili za kwanza alilala tu. Anaamka saa 3 asubuhi, anakunywa uji, anazunguka uani, mchana analala tena. Mi nilipanik nikaenda kununua daftari, bango la herufi, chaki, nikageuza sebule darasa, asubuhi tunasoma a e i o u, na ndani ya siku nne tulikuwa tunalia wote wawili, yeye kwa kulazimishwa na mimi kwa hofu. Baba yake ndo aliyesema mama fulani mwache huyu mtoto apumzike, akitaka kitu atatuambia. Nilikasirika sana kwa kweli, nikaona yeye yuko karakana na mbao zake anaongea tu, lakini nilichoka nikamwacha.

Na alichotaka kikaja kupitia kanga. Nilikuwa naanika, akasimama chini ya kamba akauliza mama hapa pameandikwa nini. Nikamsomea, WEMA HAUOZI. Akauliza hauozi ni kama samaki? Nikamwambia ndio, samaki akikaa anaoza, wema haukai ukaoza. Akaenda kwenye kanga nyingine. Kesho yake nyingine. Akagundua mwenyewe kwamba A iko kila mahali, akawa anahesabu A za kamba nzima, siku moja akaniambia leo ziko 31 na mi sikuwa na sababu ya kubisha. Zikaisha za kwetu akaanza kwenda kwenye kamba za majirani, anawaamkia shikamoo halafu anaomba asomewe, na mama mmoja mtu mzima hapo jirani, ana kanga za miaka na miaka, alimtolea sanduku zima wakakaa nae barazani mpaka magharibi, kila kanga na hadithi yake, hii nilinunuliwa nilipojifungua, hii nilimnunulia mke mwenzangu tulipogombana. Mwanangu alijifunza kusoma hivyo. Mpaka leo anaandika herufi kubwa tupu kwa sababu kanga huandikwa herufi kubwa. Alikuwa na miaka 5 na miezi mitatu alipofika mgeni na kanga mpya, akainama akaisoma yote neno kwa neno, na hiyo kanga hakuna mtu aliyewahi kumsomea. Mgeni hakujua ni kitu gani kimetokea, mi nikaingia jikoni nikalia.

Hesabu nayo ilipita mlango huohuo. Kanga tunauza kwa doti na doti ni vipande viwili, kwahiyo mteja akitaka doti tatu zikatwe na kupindwa mtoto anajua kuna vipande sita, na akija mteja na vipande vitano anasema mama hapa kuna mmoja hana mwenzake. Pesa alizijua kwa wanyama. Noti ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina faru, ya 10,000 ina tembo, na ile ya 1,000 ni ya Mwalimu. Namtuma dukani namwambia chukua simba ulete sukari. Basi jioni moja tunahesabu hela za wateja akanyamaza akizipanga kwenye mkeka, halafu akasema mama, tembo mmoja ni sawa na faru wawili. Nikasema ndio. Akasema na ni sawa na simba watano. Nikasema ndio. Akafikiri tena akasema faru mmoja ni simba wawili na Mwalimu mmoja. Sikuwahi kumfundisha na nisingejua kufundisha hivyo, mi shuleni kugawanya nilijifunza kwa viboko na mpaka leo nikiona alama ya kugawanya tumbo linanicheza.

Kwa baba yake ni mambo ya vipimo. Anajua mbili kwa nne, anajua moja kwa nane, anajua futi moja ni inchi 12 na anajua upande wa pili wa futikamba kuna namba nyingine ambazo baba hazitumii sana, na aliuliza kwa nini kuna namba za aina mbili kwenye kitu kimoja, baba yake akamwambia moja ni ya Waingereza na nyingine ya nchi nyingine, akauliza sisi yetu iko wapi. Ndo akaelezwa shubiri na dhiraa na pima. Wiki nzima tulipimwa kwa shubiri, meza, mlango, mbuzi wa jirani.

Naomba nikae kidogo kwenye habari ya babu yao maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Baba mkwe wangu amevua maisha yake yote, ngalawa na dema, sasa magoti yamekataa anakaa tu Mjimwema. Shule hakwenda zaidi ya darasa la nne. Kwa macho ya watu wengi huyu sio mtu wa kumfundisha mtoto chochote, ni mzee wa kusalimiwa. Tangu mtoto atoke shule anashinda nae siku mbili tatu kwa wiki. Wanashuka ufukweni maji yakipwa wanaokota tondo, wanafukuza kaa, babu anamwonyesha shimo la pweza linavyojulikana kwa makombe yaliyotupwa nje. Mtoto akawa anauliza kwa nini jana tulikuta maji yako mbali na leo tumekuja saa ileile yako karibu. Babu hakumjibu. Akampa kijiti akamwambia chomeka pale maji yalipoishia, kesho tuje tuone. Wakafanya hivyo siku kumi na kitu. Mtoto akarudi nyumbani amechangamka kweli anasema mama maji yanachelewa! Kila siku yanachelewa, karibu saa nzima lakini haifiki. Halafu baada ya siku kadhaa nyingine akaja na jipya, kwamba mwezi nao unachelewa kutoka vilevile. Hapo sasa babu ndo akafungua mdomo, akamweleza bamvua na maji mafu, kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, na mwezi ukiwa nusu maji hayaendi mbali, na kwamba huku kwetu kwenye bamvua maji hupwa asubuhi mnamo saa 4 ndo maana wanawake wa pweza hutoka muda ule.

Mi nimesoma mpaka fomu foo, nimezaliwa pwani, na hili la saa sikulijua. Nilijua bamvua kwa jina tu. Na mzee mwenyewe amebadilika, alikuwa amejikunyata anasubiri siku zake, sasa anaulizwa maswali na mtu anayetaka majibu kweli, anaamka mapema anachungulia njia.

Wa pili ni binti, miaka 4, na huyu ni mtu mwingine kabisa kwahiyo asije mtu akadhani kanga ni dawa. Herufi hazitaki, ukimwonyesha anaondoka. Yeye ni kuku. Tetea wetu alipoatamia alimuuliza baba yake vifaranga watatoka lini, akaambiwa siku 21, akachukua mkaa akaanza kuchora mistari ukutani nyuma ya choo, mstari mmoja kila asubuhi, hakosi, anapiga mswaki anaenda kuchora. Siku ya 19 akaja ananiambia mama imebaki hii na hii, anaonyesha vidole viwili. Mayai yalikuwa 11 wakatoka vifaranga 8. Akataka kujua hayo matatu yana nini, baba yake akayapasua mbele yake, mawili yalikuwa maji tu na moja lilikuwa na kifaranga amekufa karibu na kutoka. Alilia sana. Akamzika. Kwa siku nyingi aliongea juu ya kufa, babu atakufa, we mama utakufa lini, na mi nikashona huku najibu, kwa ukweli ninaoujua na imani niliyonayo, na sikuona kama kuna somo kubwa zaidi ya hilo ambalo angelipata mahali siku ile. Kitinda mimba ana mwaka na nusu, yeye kazi yake kufungua na kufunga makopo ya vifungo.

Madrasa vilevile hatukumsukuma yule mkubwa. Aliona wenzake wanapita na juzuu jioni akasema na yeye anataka, tukampeleka kwa ustadhi hapo mtaani, anakaa saa moja anarudi, na siku asiyotaka haendi, na ustadhi mtu wa busara anasema mwacheni anayekuja kwa miguu yake nafundisha kwa raha. Amehifadhi sura fupi nyingi kuliko waliolazimishwa, ila hilo silisemi kwa kujisifu, silisemi hata kwa watu.

Sasa nisionekane nimechora pepo. Kuna siku nina kazi ya watu imebana, umeme umekatika, watatu wanagombania kijiko kimoja, na nawapa simu waangalie katuni mpaka bando linaisha, na usiku najilaumu. Kuna siku tatu mfululizo sioni chochote kilichofundishika, wamecheza udongo, wamekula, wamelala, basi. Nyumba yangu haikai safi. Mama yangu mzazi mwaka wa kwanza alikuwa haniongeleshi vizuri, anasema nilikusomesha kwa kuuza maandazi leo wajukuu zangu wanakaa na kuku, na maneno hayo yaliniuma kuliko ya msomaji wenu kwa sababu ni kweli aliuza maandazi, niliyabeba kichwani mimi. Akikutana na mtoto anamuuliza anasoma shule gani. Kila mtu anauliza hivyo, kwenye daladala, msibani, hospitali, ndo salamu ya mtoto siku hizi, na mtoto akisema sisomi shule watu wanamwangalia kwa huruma kama amesema hajala. Alipokuwa na miaka 5 alianza kuficha uso nyuma ya gauni langu akisikia lile swali. Natamani watu wazima wamuulize mtoto mdogo kitu kingine chochote, umeota nini, unapenda nini, unamjua huyu ndege.

Nimesikia watu wakisema hii ni fasheni ya kizungu. Ni kweli kuna neno la kizungu, anskuling wanaiita, yaani mtoto kujifunza kwa kuishi bila darasa, na aliyelisambaza ni mwalimu wa Marekani anaitwa John Holt ambaye mwaka 1977 pale Boston alianzisha jarida la wazazi wanaokaa na watoto nyumbani, na alikuwa amefundisha darasani miaka mingi na ndo alipoona watoto wanavyoacha kufikiri na kuanza kutafuta jibu linalotakiwa na mwalimu. Mi nilipolisoma hili nilimkumbuka kinyonga wangu kwenye mpapai. Lakini jambo lenyewe sio lake. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliandika kwamba Afrika ya kabla ya ukoloni kutokuwa na shule hakukuwa na maana kwamba watoto walikuwa hawaelimishwi, walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi chake. Mwalimu huyohuyo ndo aliyejenga shule nchi nzima, hakuwa adui wa shule, ila hakusema mtoto nje ya shule ni tupu. Baba mkwe wangu na kile kijiti chake ufukweni hajamsoma mtu yeyote.

Na serikali nayo inaona. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, sababu kubwa ikiwa ni kwamba mtoto mdogo anatakiwa kukaa na familia yake. Mi niliposikia nilipiga vigelegele cherehani ikasimama. Lakini najiuliza, mtoto anayebebwa amelala saa 11 alfajiri na kurudishwa saa 9 amesinzia, huyo anakaa na familia yake saa ngapi? Bweni tumelikataza, hii nyingine hatujaipa hata jina.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa korona, Machi 17 mpaka mwishoni mwa Juni, mtoto wa dada yangu aliletwa kwangu, alikuwa la pili na alikuwa anaitwa mzito. Miezi ile mitatu alijifunza kutunga uzi, kushona vifungo, kupiga pindo, kupima mteja na kuandika vipimo vyake kwenye daftari, na wateja wakawa wanamwita fundi. Shule zilipofunguliwa dada aliniuliza umemfanya nini huyu mtoto anaongea. Sikumfanya kitu, alikuwa na kazi ya kweli na watu waliokuwa wanaisubiri.

Najua sio kila mtu anaweza. Mi nashonea nyumbani, mume wangu karakana iko uani, babu yupo, tuna ufukwe karibu, hii ni bahati na siwezi kumnyooshea kidole yule mama wa inchi 18 na nusu. Yeye anahitaji mahali salama pa mtoto wake kushinda na hilo ni haki yake. Ila mahali salama pa kushinda na darasa lenye mtihani wa kuingia, tai, homuweki na wino mwekundu ni vitu viwili tofauti. Kama mtoto lazima aachwe mahali, aachwe mahali penye mchanga na maji na kivuli na mtu mzima mwenye upole na usingizi wa mchana, na gari likimfuata limfuate jua likiwa limetoka. Wenye hizo shule wanasema ni wazazi ndo wanaodai homuweki na Kiingereza, na kwa kiasi wanasema kweli, tulikuwa sisi hao.

Jambo la mwisho ndo linalonifanya niandike sasa na nisisubiri. Sheria ya elimu ya 1978 inataka mtoto aliyefika miaka 7 awe ameandikishwa shule ya msingi, na sera mpya, toleo la 2023, inataja miaka 6 ya kuanza la kwanza. Sisi ni watu wa kutii sheria na tumekubaliana nyumbani mkubwa ataanza Januari, na yeye mwenyewe tumemuuliza, anataka, ana rafiki zake wawili wanaanza. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye shule moja ya msingi kumwombea nafasi, na mtu niliyemkuta mezani akaniomba cheti cha awali. Nikasema hana, alikuwa nyumbani. Akasema basi mtoto hajaandaliwa, nimrudishe awali mwaka mzima kwanza. Nikamwomba amuulize mtoto kitu chochote, amsomeshe hata tangazo lililoko ukutani nyuma yake. Hakumtazama. Mtoto alikuwa amesimama pale pembeni yangu na alikuwa ameshaanza kulisoma lile tangazo kwa sauti ya chini, nimemsikia mimi, lilikuwa la michango ya uji, na tulivyotoka akaniuliza mama, yule hakunisikia?

Kwahiyo ndugu mhariri nawaomba wahusika wa elimu kupitia gazeti lako waseme wazi, mtoto aliyefikisha umri anaandikishwa kwa cheti chake cha kuzaliwa au kwa cheti cha chekechea? Kama ni cha kuzaliwa waalimu wakuu waelezwe, maana hata huko vijijini wapo watoto wengi ambao awali hawakuipata kwa umbali, sio kwa kutaka kama sisi, na nao wanasimama mbele ya meza kama ile. Kama mwalimu anataka kujua mtoto yuko wapi kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, amkalishe aongee nae dakika kumi, atajua. Na kama hajui kusoma bado, si ndo kaja la kwanza kujifunza?

Na yule msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kama yuko Dar namkaribisha nyumbani kwa roho safi, gazeti lina namba yangu. Aje kwenye bamvua, aje asubuhi kabla ya saa 4, tushuke na babu. Binti atamwonyesha ukuta wake, tetea ameatamia tena na mistari imefika 9.

Wako,
Mama wa watoto watatu, fundi cherehani
Kigamboni, Dar es Salaam